Bastola na Wimbo

Wapenzi wa picha za Kihindi, Yaadon Ki Baaraat ya 1973 mnaikumbuka: jambazi anaua wazazi, ndugu watatu wanapotezana. Mwaka 1975 Watamil nao wakaitengeneza kwa lugha yao, wakaiita Naalai Namadhe, yaani Kesho ni Yetu. Steringi MGR akacheza ndugu wawili peke yake! Ndiye huyo aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu mwaka 1977.

Lugha ilibadilika, utamu ukabaki palepale: kisasi kinasakwa miaka nenda rudi, kumbe kinachowakutanisha ndugu ni wimbo wa nyumbani waliofundishwa utotoni. Basi nyie mnaonuniana kwa ajili ya urithi, hebu kumbukeni mlichoimba pamoja. Bastola humaliza adui tu, jamani, ndugu hairudishi.