Sanamu la Karatasi



Mjukuu wangu wa miaka 14 alinijia chuoni baada ya Alasiri amevaa fulana nyeusi, na kifuani mna fuvu kubwa jeupe la kichwa cha mtu, meno yake marefu yameshuka mpaka tumboni. Mamake aliinunua katika mitumba bila ya kujua ni nini. Nilipomwuliza alinijibu kwa furaha: "Babu, huyu ni mtu wa katuni. Huua wabaya tu."

Hilo neno "wabaya tu" ndilo lililonikosesha usingizi. Nikamwambia aniletee hivyo vitabu nivione.

Mtu huyo huitwa Punisher, yaani Mwadhibu. Alitungwa Marekani, akatokea mara ya kwanza mwaka 1974 katika kitabu cha Spider-Man, na mmoja wa waliomtunga ni Gerry Conway. Hadithini jina lake khasa ni Frank Castle, askari aliyepigana Vietnam. Aliporudi kwao, mkewe Maria na watoto wake wawili waliuawa na majambazi katika bustani ya Central Park, mjini New York. Tangu siku hiyo hana kazi ila kuua. Hamfikishi mtu kwa kadhi, hasikizi shahidi, hapokei toba. Nakiri kuwa kisa cha yule mke na wale watoto chatia huzuni, na hapo ndipo penye mtego: msomaji hulizwa kwanza, na akiisha kulia, mwenyewe humpa muuaji ruhusa.

Lakini tazameni alikofikishwa. Mwaka 2022 mwandishi Jason Aaron alimtungia kisa kipya. Kundi la wauaji liitwalo The Hand, lenye makuhani wake na kiumbe cha kuabudiwa wanachokiita Mnyama, linamchukua Castle na kumfanya mteule wao, muuaji mkuu wa dini yao. Linamfufulia mkewe kwa uchawi ili awatumikie. Hata lile fuvu la kifuani linabadilishwa, linatiwa pembe! Na huyo mke je? Kisa kinafichua kwamba siku ile ile bustanini alikuwa amekwisha kumwambia mumewe kuwa ataka talaka. Damu yote ile ilimwagwa kwa jina la mwanamke ambaye hakutaka tena kukaa naye nyumba moja.

Mwandishi huyo si mwenzetu katika dini, wala sijui alikusudia nini, lakini hapa ameona kweli. Mtu anayejitwalia hukumu ya uhai na mauti amejitwalia jambo lisilokuwa lake, na hakosi kupata wa kumsujudia.

Wala ibada hiyo haikubaki karatasini. Askari wa Marekani walilichora fuvu hilo katika magari na mavazi yao huko Iraq, na mmoja wao, Chris Kyle, aliyasimulia hayo kwa fahari katika kitabu kilichotoka mwaka 2012. Kisha wako polisi wa Marekani waliolibandika katika magari yao. Tarehe 6 Januari 2021 lilionekana katika nguo za baadhi ya watu waliolivamia Bunge la nchi hiyo. Conway mwenyewe alilalamika hadharani mwaka 2019 kwamba mlinzi wa sheria avaaye alama hiyo amesimama upande wa adui wa sheria. Mtunzi anawakataza, nao hawamsikii! Ndivyo masanamu yalivyo, aliyelichonga hana tena amri juu yake.

Imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr yalikuwa majina ya watu wema katika kaumu ya Nabii Nuh (A.S.). Walipokufa, watu wao waliwawekea masanamu kwa ukumbusho, na ilimu iliposahauliwa, yakaabudiwa. Hao walikuwa wema. Sisi twaanza na muuaji.

Wako watakaonambia: "Sheikh, mahakama zinanunuliwa, mnyonge atakwenda wapi?" Swali hili si la kupuuzwa. Uislamu haukumwambia aliyeuliwa mtu wake kwa dhulma anyamaze. Umempa haki ya kisasi, lakini kwa hukumu ya kadhi na bila ya kupindukia, na kusamehe kumesifiwa zaidi. Nani alifiwa kuliko Bwana Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud, alipomwona ami yake Hamza ameuawa na maiti yake imekatwakatwa? Na Wahshi, aliyemuua, alipomjia amesilimu, alimkubali. Alimwomba tu asimwonyeshe uso wake. Basi huzuni ilikuwako, na upanga haukutolewa. Kadhi akila rushwa, dawa ni kumshitaki kadhi na kumwondoa, si kila mwenye jiwe mkononi kuwa kadhi.

Nami nayasema haya kwa aibu. Nilipokuwa kijana, palipigwa ukelele wa "mwizi!" mtaani kwetu, nikatoka mbio na wenzangu. Nilirusha jiwe. Sijui kama lilimpata, na kwa miaka zaidi ya 40 nimekuwa nikijiambia kuwa halikumpata. Alikufa kabla ya Magharibi. Siku ya pili tulipata habari kuwa mwizi alikuwa mwingine. Sote tulikuwa tunaua wabaya tu.

Kisa hiki sikupata kumsimulia mtu wa nyumbani mpaka usiku ule, na niliyemsimulia ni huyo mjukuu wangu. Hakusema neno. Asubuhi niliikuta fulana imekunjwa mlangoni pangu, na mamake ameifanya kitambaa cha kupangusia meza. Lile fuvu kila likifuliwa lazidi kufifia, ila meno bado yaonekana.