Mkasi wa Bati na Amana ya Mteja

Wazazi wengi wanapompeleka kijana kujifunza ufundi wa bati, humnunulia mkasi wa bei ya chini kabisa, wakadhani wajibu umekwisha. Kumbe mkasi usiofaa huharibu bati la mteja, na bati lile ni amana mikononi mwa fundi. Likiharibika kwa uzembe wake, ni juu yake kulilipa. Basi kuchagua chombo ni sehemu ya kutafuta riziki ya halali.

Kwanza, itazamwe kazi yenyewe. Mkasi wenye makali marefu yaliyonyooka wafaa kwa mikato mirefu, kama ya sanduku. Kwa mviringo wa jiko la mkaa, iko mikasi yenye mipini ya rangi: manjano hukata mstari ulionyooka, nyekundu hupinda kushoto, kijani hupinda kulia. Wako wanaodhani kwamba nyekundu ni ya atumiaye mkono wa kushoto. Sivyo. Rangi huonyesha mkato unakoelekea, si mkono unaoshika. Mwenye uwezo wa kununua miwili, achukue nyekundu na kijani, kwani yote hukata na mstari ulionyooka pia.

Pili, utazamwe unene. Namba ya geji ikizidi, bati huwa jembamba. Mabati ya kuezekea ya geji 30 na 28 hukatika bila taabu. Lakini mikasi mingi ya aina hii hukomea chuma laini cha geji 18, yaani takriban milimita 1.2. Kijana akilazimika kurefusha mipini kwa bomba, ajue bati hilo si la mkasi huo.

Tatu, mkasi ujaribiwe dukani kwa kipande cha bati. Makali yenye vijino hushika bati lisiteleze, ila huacha alama. Makali laini huacha ukingo safi.

Akishaupata, asiukatie waya wala misumari, wala asiufunge hadi ncha katikati ya mkato mrefu, kwani ncha hung'ata bati. Na avae glavu.

Nabii Daud (a.s.), ambaye Allah alimlainishia chuma, alikula kwa kazi ya mikono yake. Sisi hatukulainishiwa chuma, bali tumepewa akili ya kuchagua chombo. Allah awajaalie vijana wetu uaminifu katika kazi zao. Amin.