Lugha ya watu si pambo la mchezo



Vijana wanaocheza michezo ya video husikia viumbe vya ajabu vikisema maneno wasiyoyajua. Wanadhani yametungwa tu. Mengine hayakutungwa. Ni Kiwelisi, lugha ya Wales, inchi ndogo iliyo magharibi mwa Uingereza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu karibu 538,000 huko walisema wanaijua. Si lugha ya mazimwi. Ni lugha ya watu walio hai.

Ninasema wazi: watengenezaji wengi wa michezo hiyo wanachukua bila kurudisha.

Tazameni. Mwaka 2004 kampuni ya Nexon ya Korea Kusini ilitoa mchezo uitwao Mabinogi. Jina hilo ni la hadithi za kale za Wawelisi, zilizoandikwa kwa mkono zaidi ya miaka 600 iliyopita. Ukiingia ndani, miungu na vijiji kwa sehemu kubwa vina majina ya Ayalandi. Ni kama mtu kuandika jina la baba yako juu ya mlango, halafu ndani akaweka ukoo wa jirani.

Katika Ni no Kuni, mchezo wa Japani uliotoka kwa Kiingereza mwaka 2013, kuna Drippy, kijitu cha kuchekesha chenye taa puani. Yeye ndiye aliyepewa lafudhi ya Wales. Katika The Witcher 3, wa mwaka 2015, watu wa kale waliofukuzwa katika ardhi yao wanasema lugha iliyochanganywa Kiwelisi, Kiayalandi na nyingine, zote katika sufuria moja.

Mtu atanijibu: si wanaitangaza lugha hiyo? Kweli, kusikika ni afadhali kuliko kunyamazishwa. Lakini lafudhi si lugha, na jina si hadithi.

Wawelisi walinyamazishwa kweli. Katika karne ya 19, katika baadhi ya masomo, mtoto aliyesema Kiwelisi alivikwa kibao cha mti shingoni. Alikipitisha kwa mwenzake aliyekosea baada yake, na aliyebaki nacho jioni alichapwa. Kama wewe pia uliadhibiwa masomoni kwa kusema lugha ya mama yako, unaelewa. Lugha iliyolipiwa kwa fimbo haifai kugeuzwa kiungo cha mchuzi wa wengine.

Njia nzuri ipo. Mwaka 2020 Wales Interactive, kampuni ya hukohuko, ilitoa Maid of Sker, inayotokana na kisa cha kwao cha msichana aliyefungiwa na baba yake kwa sababu ya mchumba. Nyimbo zake pia ni za Wales. Wengine wafanye hivyo: wataje walikochukua, walipe watunzi Wawelisi, wamwachie mtoto wa Wales acheze mchezo mzima kwa lugha yake.

Na sisi? Jamaa mliokimbia vita, mliacha nyumba, mashamba na mifugo. Hadithi mlikuja nazo. Jioni wasimulieni watoto, kwa lugha ya nyumbani. Siku mgeni atakapokuja kutafuta majina yetu apambe mchezo wake, akute wenyewe wapo, na mtoto aweze kumwambia: hili ni letu, lisimulie sawasawa.