Palipokosekana Jembe, Itolewe Sindano

Wahenga walituusia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tumepokea wageni wengi. Mwaka 1993 walikuja ndugu zetu wa Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, wengi wakapelekwa Nduta, wilayani Kibondo.

Jembe, hata hivyo, halikupatikana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na asitoke bila kibali. Shamba hana. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishushwa hadi nusu kwa uhaba wa fedha za wahisani. Mtu mwenye mikono mizima anaposhinda kutwa akingoja mgao, hakiumii tumbo peke yake. Moyo nao hudhoofika.

Ndiyo maana tunasema: palipokosekana jembe, na itolewe sindano. Kufuma si mchezo wa kupoteza wakati. Afumaye soksi hana budi ahesabu vitanzi, apime unyayo, ageuze kisigino na kuchagua rangi. Mikono inapohesabu, fikra za vita hupata kupumzika. Na akitia katika soksi hiyo michoro ya kwao, jani la mgomba, kilima au msuko wa kikapu cha bibi yake, huwa amefika nyumbani bila ya kuvuka mpaka.

Jambo hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wa Uingereza, Kanada na Marekani waliwafumia soksi askari ambao miguu yao iliharibiwa na maji ya mahandaki. Kazi hiyo iliwapa nao la kushika mkononi walipokuwa wakingoja habari za waume na wana wao. Hapa kwetu, WomenCraft na mpango wa MADE51 wa UNHCR vimeonyesha kwamba vikapu vya wanawake wakimbizi wa Burundi hupata wanunuzi ng'ambo.

Wapo watakaosema kwamba mwenye njaa hahitaji soksi. Ni kweli soksi hailiwi, wala hatusemi uzi ushike nafasi ya unga. Tunasema viende pamoja. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni za baridi, na watoto wa shule huvaa soksi na sweta. Kwa nini zisifumwe papa hapa, na wakimbizi pamoja na kina mama wa vijiji jirani?

Rai yetu kwa wahisani na wenye mamlaka ni moja: toeni uzi, toeni sindano, na ruhusuni mahali pa kuuzia. Mkono mtupu haulambwi. Mkono wenye uzi, japo kidogo, humfunika mtoto miguu.