Ni Nani Alipaye Saa za Kungoja?

Baina ya Detroit, mji wa viwanda vya magari katika jimbo la Michigan, na Houston, mji wa mafuta na kemikali katika jimbo la Texas, pana masafa ya kiasi cha kilomita 2,100, na shehena iendayo kwa lori aghalabu hupitia Toledo na Cincinnati, huuvuka mto Ohio kuingia Kentucky, hushuka mpaka Nashville na Memphis, huuvuka mto Mississippi kuingia Arkansas, kisha hushika njia ya kusini penye Texarkana na kuikata misitu ya misonobari ya mashariki ya Texas hata ifike. Kwa dereva mmoja mwenye kuitii sheria, safari hiyo ni ya siku mbili na sehemu ya siku ya tatu. Njia ni njema, kwa kuwa serikali ya nchi ile imekuwa ikizijenga na kuzikarabati barabara hizo tangu Rais Eisenhower alipoitia sahihi sheria yake mwezi wa Juni 1956; mafuta yanapatikana usiku na mchana, na chakula kadhalika. Taabu ya kazi ile imo katika saa ambazo lori limesimama mlangoni mwa ghala likingoja kupakiwa au kupakuliwa, ambazo aghalabu hazina mlipaji.

Dereva wa masafa marefu wa Marekani aghalabu hulipwa kwa maili. Gurudumu likizunguka, ujira unaingia. Likisimama, ujira umesimama. Sheria nayo inamruhusu kuendesha kwa muda wa saa 11 tu, na hizo sharti zimalizike ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi ya siku ile, kisha haruhusiwi kushika usukani mpaka awe amepumzika saa 10 mfululizo. Zamani hesabu hiyo iliandikwa kwa kalamu katika daftari, na kalamu, kama tujuavyo, ina huruma. Lakini tangu Desemba 2017 kimewekwa chombo cha elektroni kilichounganishwa na injini, nacho huandika chenyewe bila ya kumwonea mtu haya. Mimi siilaumu sheria hiyo, kwani gari na mzigo wake huweza kufika tani 36, na mtu anayesinzia nyuma ya usukani wa uzito kama huo ni hatari kwa kila aliye njiani. Ninalolilaumu ni kwamba zile saa 14 kwa kawaida hazisimami dereva anapongojeshwa. Akiianza siku yake saa kumi na mbili asubuhi, akafika ghalani Detroit saa moja, naye asipakiwe mpaka saa sita mchana, kilichombakia ni saa nane tu, na itakapofika saa mbili usiku atakuwa hajafika Nashville, ilhali lau angepakiwa mapema angekuwa ameupita mji huo na kulala mbele yake. Amepoteza ujira wa saa tano za kungoja, na juu yake amepoteza ujira wa njia ambayo sasa hawezi kuipita siku ile.

Hebu tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Dereva hufika langoni, akataja namba ya mzigo, akaelekezwa mlango wake, naye hulirudisha tela kinyumenyume mpaka liguse mpira wa ukuta, hali hana utingo wa kumwongoza, kwani utingo tumjuaye sisi hayumo katika malori ya kule. Ukutani pana taa, na ikiwa nyekundu ni marufuku kuondoka, maana foklifti inaingia na kutoka ndani ya tela. Basi yeye hukaa akiitazama taa ile. Ikisha kuwa kijani, mlango wa tela hufungwa, ukatiwa lakiri yenye namba, na namba hiyo ikaandikwa katika hati ya shehena, ili mpokeaji wa Houston ajue kwamba hapana mkono ulioingia humo njiani. Kisha gari hupelekwa mizanini, na ikiwa ekseli za nyuma za tela zimebeba zaidi ya kilo 15,400 hivi, dereva hushuka, akazichomoa pini, akayasogeza magurudumu chini ya tela mpaka uzito ukae sawa. Yote hayo ni kazi, na aghalabu hakuna hata senti moja ya maili ndani yake.

Ni ajabu kwamba jambo hili liwe kubwa hata katika mji wa Detroit, maana huko ndiko August Fruehauf, aliyekuwa mhunzi, alikotengeneza mwaka 1914 tela la kubebea mashua ya mfanyabiashara wa mbao, likavutwa na gari la Ford, na kutoka hapo ikazaliwa biashara kubwa ya matela. Huko ndiko pia alikopatia nguvu zake Jimmy Hoffa, kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters, ambaye mwaka 1964 alifanikiwa kuwaweka madereva wengi wa malori wa nchi nzima chini ya mkataba mmoja. Huyo Hoffa hakuwa walii. Alifungwa gerezani, na mwaka 1975 alitoweka asionekane tena. Lakini mikataba ya chama chake ilikuwa ikizihesabu saa za kuchelewa na kuzilipia. Mwaka 1980 Rais Carter alitia sahihi sheria iliyoufungua mlango wa biashara ile kwa kila mwenye lori, kampuni zikazidi, nauli zikashuka, na nguvu za chama zikapungua katika njia ndefu. Wanunuzi walifaidika, nami sitakanusha. Wala sidai kwamba zirudishwe zile nauli zilizosimamiwa na serikali. Nasema tu kwamba sehemu ya unafuu ule ilitoka mfukoni mwa dereva. Na sheria ya kazi ya mwaka 1938, ambayo huwapa wafanyakazi wengi wa Marekani malipo ya ziada wapitishapo saa 40 kwa juma, imewatoa madereva hawa katika haki hiyo.

Baina ya mwenye shehena na mwenye lori yupo dalali, naye hujitetea kwa kusema kuwa kungoja kunalipwa. Kwa ada, saa mbili za mwanzo ni bure, na kinacholipwa ni baada ya hapo. Lakini dereva sharti awe na hati iliyoandikwa saa ya kuingia na saa ya kutoka, karani wa ghala akubali kuitia sahihi, dalali aiamini, mwenye shehena akubali, na mwisho wa yote pesa hizo zaweza kuingia katika kampuni zisimfikie aliyekaa akiitazama taa. Haki inayohitaji rehema za watu wanne haijawa haki bado.

Wala dereva si peke yake aliye hasarani. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alikadiria kwamba dakika 15 zikizidi katika wastani wa muda wa kukaa ghalani, ajali hutarajiwa kuzidi kwa asilimia 6.2, na kwamba madereva wa malori ya kukodiwa hupoteza kwa kungojeshwa baina ya dola bilioni 1.1 na 1.3 kwa mwaka. Sababu haihitaji hakimu kuieleza: aliyepoteza asubuhi yake hukimbiza jioni. Kuna na hatari nyingine. Mwaka 2009 dereva mmoja, Jason Rivenburg, aliuawa katika South Carolina alipokuwa ameegesha penye kituo cha petroli kilichohamwa, kwa kuwa alifika mapema na hakuwa na mahali pa salama pa kungoja. Na sheria ya mwaka 2012 juu ya uhaba wa maegesho ya malori ikaitwa kwa jina lake.

Wafanyabiashara wa Mombasa na Dar es Salaam hawatashangaa nikisema kuwa kungoja kuna bei, kwani wameilipa miaka mingi. Anayeikawiza meli ya kukodi katika kupakua hutozwa kwa siku, anayekawia kulirudisha kontena hutozwa, na anayeuacha mzigo wake bandarini hutozwa. Chuma kina haki ya muda wake. Iweje basi mwenye pumzi asiwe nayo?

Wenye maghala watasema kwamba bidhaa zitapanda bei. Huenda zikapanda kidogo. Lakini wao ndio wenye daftari la miadi, ndio wenye foklifti na ndio wenye kuamua ni watu wangapi wawe zamu, na madhali muda wa dereva ni bure kwao, hawana sababu ya kuongeza hata mtu mmoja. Wapo matajiri wakubwa waliokwisha kuona faida ya kuyaacha matela uwanjani yapakiwe bila ya lori, dereva akaja akatua tela moja, akachukua jingine, akaenda zake. Wengine wangejifunza upesi mno lau saa ya kwanza ingekuwa na gharama, nayo itozwe kwa mwenye ghala na iingie moja kwa moja katika ujira wa dereva. Mswada wa kuwarudishia madereva malipo ya ziada umepelekwa katika Bunge la Marekani zaidi ya mara moja tangu mwaka 2022. Naona unafaa kupita, ingawa peke yake hautoshi, kwa kuwa unamgusa mwajiri tu, ilhali mchelewashaji ni mtu mwingine.

Wapo wana wetu, Wakenya, Watanzania na Wakongo, waliohamia nchi ile na kuishika kazi hii, na wengine wanaitamani. Anayeletewa mkataba wenye senti nyingi kwa kila maili asishike kalamu mpaka awe ameuliza kampuni inalipa nini kwa saa za ghalani, inaanza kuhesabu saa ya ngapi, na malipo hayo humfikia nani. Na majibu ayaombe kwa maandishi.