Baraza la Bure na Ufunguo wa Mwenye Nyumba

Tarehe 15 Desemba, 2020, kampuni ya Yahoo ya Marekani ilifunga huduma yake iliyoitwa Yahoo Groups, ambayo tangu mwaka 2001 ilikuwa imewapa watu wa nchi nyingi mahali pa kukutania na kuzungumza bila malipo. Kabla ya mlango kufungwa kabisa, ghala lilikuwa limekwisha kufagiliwa. Mwezi Oktoba, 2019, kampuni ilitangaza kwamba picha, majalada na mazungumzo ya karibu miaka ishirini yangefutwa katikati ya Desemba ya mwaka ule ule. Watumiaji walipolalamika, waliongezewa muda wa kuchukua vitu vyao hadi mwisho wa Januari, 2020. Wagonjwa waliokuwa wakipeana maarifa ya kuishi na maradhi yao, watafiti wa nasaba za koo, mafundi na wapenzi wa vitabu, wote walipewa notisi kama wapangaji wanaodaiwa kodi.

Lakini wao hawakuwa hata wapangaji. Mpangaji hulipa, na anayelipa anao mkataba wa kudai haki yake. Hawa walikuwa wageni waliokaribishwa bure, na mgeni hana hoja mwenyeji anapoamua kuzima taa. Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo hili. Baraza linalotolewa bure na kampuni ni mali ya kampuni, wala si mali ya wanaobarizi hapo, hata kama wamebarizi miaka ishirini. Hapana budi ukweli huu ueleweke vema kwa kila mtu aliyekabidhiwa dhamana ya elimu na kumbukumbu za umma.

CHIMBUKO LA MABARAZA

Haikuanza hivyo. Mwaka 1973, katika mji wa Berkeley, California, kikundi cha wapenda maendeleo kiliweka mtambo wa kuchapia maneno katika duka la sahani za muziki, ukiunganishwa kwa simu na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco. Mpita njia yeyote aliweza kuandika tangazo lake au kusoma la mwenzake. Mradi huo uliitwa Community Memory, na nia yake ilikuwa kuitoa kompyuta mikononi mwa wakubwa na kuiweka mbele ya watu wa kawaida.

Miaka mitano baadaye, theluji kubwa ilipowafungia watu wa Chicago majumbani mwao, Ward Christensen na Randy Suess walianza kutengeneza ubao wa matangazo wa kompyuta. Ubao huo ulifunguliwa tarehe 16 Februari, 1978. Mtu alipiga simu, kompyuta yake ikaungana na ya kwao, akasoma, akaandika, kisha akakata simu ili mwingine apate nafasi, kwa maana ni mtu mmoja tu aliyeweza kuingia kwa wakati mmoja. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mfumo uliopeleka habari na majadiliano kutoka kompyuta ya chuo kimoja hadi ya chuo kingine. Katika mfumo huo kila chuo kilikuwa na nakala yake, wala hapakuwa na mwenye nyumba mmoja aliyeweza kuwafungia wote.

Mabaraza hayo ya kwanza yalitofautiana kwa umbo, lakini yalifanana kwa jambo moja la msingi: mitambo ilikuwa ya wale wale waliozungumza, au ya vyama na vyuo vyao. Hata Wavuti yenyewe, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, ilikabidhiwa dunia nzima tarehe 30 Aprili, 1993, ili kila mtu aitumie bila kulipa ushuru wala kuomba ruhusa.

BIASHARA YA UKARIMU

Wavuti ilipoenea, watu wengi walitaka mabaraza yao wenyewe. Kumbe kuwa na baraza kulihitaji kompyuta ya kudumu, yaani seva, isiyozimwa usiku wala mchana. Kulihitaji programu, fundi wa kuiangalia, na fedha za kila mwezi. Watu wa kawaida hawakuwa na vitu hivyo. Ndipo wafanyabiashara walipoliona pengo hilo na kuja na jibu lao: leteni maneno, mitambo ni juu yetu.

Ufundi wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Kampuni huweka programu moja na ghala moja la maandishi, kisha hulikata ghala hilo katika vyumba maelfu kwa maelfu. Anayetaka baraza hujaza fomu fupi, huchagua jina, rangi na mapambo, huteua wasimamizi, na katika dakika chache baraza lake limesimama. Anwani ya baraza hilo hubeba jina la kampuni. Ghala lenyewe hubaki kwa kampuni, na huduma nyingi za aina hii hazikumpa mwanzilishi wa baraza njia ya kuchukua nakala ya ghala lake lote.

GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner, iligawa viwanja vya bure katika mitaa iliyopewa majina ya mahali panapojulikana, kama vile Hollywood kwa wapenzi wa sinema. Ezboard ilitoa mabaraza ya mazungumzo. Mwaka 2000 Patrick Clinger alianzisha ProBoards kwa kazi hiyo hiyo. Haki lazima isemwe: huduma hizi zilifungua milango iliyokuwa imefungwa. Mwanafunzi asiye na senti, mama aliyeko mbali na mji, na fundi asiyejua lugha ya kompyuta, wote waliweza kuanzisha baraza na kusikika. Anayelikana jambo hilo hasemi kweli.

Pamoja na hayo, umeme, mitambo na mishahara ya mafundi havilipwi kwa ukarimu. Vililipwa kwa matangazo ya biashara yaliyobandikwa juu ya mazungumzo, na kwa matumaini ya wenye hisa kwamba umati uliokusanyika ungeuzika siku moja. Na kweli uliuzika. Mwaka 1999 Yahoo iliinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5. Ni nini kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kiasi hicho? Mitambo haikufikia hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Kilichonunuliwa ni watu na kazi ya mikono yao. Mwaka huo huo kampuni ilitoa masharti mapya yaliyojitwalia haki pana juu ya maandishi ya wakazi. Wakazi waligoma na kupiga kelele, hata kampuni ikarudi nyuma. Ushindi huo ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa mdogo, kwa sababu ufunguo ulibaki pale pale.

Kuanzia mwezi Machi, 2000, soko la hisa za kampuni za intaneti liliporomoka, na bei ya matangazo ikashuka nalo. Tangu hapo ukarimu ulianza kupimwa kwa kibaba. Mwishoni mwa Mei, 2005, mhalifu aliingia katika mitambo ya ezboard na maandishi ya mabaraza mengi yakafutika, na si yote yaliyoweza kurudishwa. Huduma hiyo ikageuzwa jina na kuwa Yuku, kisha ikahamia katika mikono mingine tena. Mwezi Oktoba, 2009, Yahoo ilifunga GeoCities huko Marekani, miaka kumi tu baada ya kuinunua kwa mabilioni. Sehemu kubwa iliyosalimika iliokolewa na watu wa kujitolea wa Archive Team, kikundi cha Jason Scott, waliofanya kazi ya kunakili mchana na usiku kabla ya siku ya mwisho. Waliolipwa kulinda hifadhi hiyo waliifuta, na wasiolipwa ndio walioinusuru.

NANI ALIYEJENGA?

Hapa wengine husema kwamba kampuni ilitoa bure, hivyo haina deni kwa mtu. Hoja hiyo husahau kuuliza ni nani aliyeyafanya mabaraza hayo kuwa na thamani. Baraza tupu halina faida kwa mtangazaji wa biashara hata mmoja. Thamani huja pale mwalimu anapoeleza, fundi anapojibu swali kwa mara ya mia, na msimamizi anapokesha akitenganisha wagomvi na kuondoa matusi. Kazi hiyo yote ilifanywa na wanachama bila ujira. Kampuni ilitoa ukumbi, wananchi wakatoa jasho, na mauzo yalipofika ni upande mmoja tu ulioitwa mezani. Mtu mwenye kujua historia ya shamba la kabaila hahitaji kuelezwa zaidi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nayo ni kwamba afadhali cha bure chenye mashaka kuliko kukosa kabisa. Maskini hawezi kungoja hadi apate seva ndipo aseme neno. Jambo hilo ni kweli, na hakuna busara katika kuwataka watu wanyamaze kwa kuwa hawana mitambo. Lakini kati ya kunyamaza na kujisalimisha ipo njia ya tatu, nayo imekwisha kujaribiwa.

Mwaka 2000 James Atkinson alianza kutengeneza phpBB, programu ya mabaraza ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Uhuru wa programu hiyo ni tofauti na ubure wa ukumbi. Anayeiweka katika seva ya chama chake anao ufunguo, na nakala ya maandishi yote ni yake. Seva ikimshinda, huhamisha mzigo wake kwenda kwingine bila kuomba radhi kwa mtu.

Mfano mwingine ni The WELL, baraza lililofunguliwa California mwaka 1985, ambalo wanachama wake walilipa ada tangu mwanzo na kufuata kanuni kwamba kila mtu ni mwenye maneno yake na ndiye wa kuyajibia. Mwaka 2012 kampuni iliyokuwa ikilimiliki ilipotaka kuliuza, wanachama wa siku nyingi walichangishana na kulinunua kwa dola 400,000. Ni kweli kwamba wengi wao hawakuwa maskini. Lakini tofauti yao na wakazi wa GeoCities haikuwa fedha tu. Walikuwa wamezoea kujihesabu kuwa wenye baraza, na siku ya hatari walijua la kufanya. Huo ndio ushirika, na hauhitaji jina jingine.

FUNDISHO KWA WATUMISHI WA UMMA

Je, mambo haya ya California yanamhusu vipi mwalimu wa Namtumbo au karani wa halmashauri ya Kasulu? Yanamhusu sana. Leo maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio, mihtasari ya vikao na maelekezo ya kazi hupita katika makundi ya simu, hasa ya WhatsApp, mali ya kampuni ya Marekani tangu iliponunuliwa na Facebook mwaka 2014. Makundi haya yamerahisisha kazi, na mwalimu aliye mbali na makao makuu anaijua faida yake kuliko anayemlaumu. Kasoro si kuyatumia. Kasoro ni kuyafanya kabati la ofisi. Simu ikipotea, msimamizi wa kundi akihamishwa, au mwenye huduma akibadili masharti, kumbukumbu ya shule nzima huenda nayo.

Nchi hii inayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Waraka wa umma haukomi kuwa waraka wa umma kwa sababu umepitia katika simu ya mtumishi. Ni wajibu wa kila mkuu wa shule na kila mkuu wa idara kuhakikisha kwamba jambo lolote lenye uzito lililoamuliwa katika kundi la simu linaandikwa katika jalada la ofisi, na kwamba mawasiliano rasmi yanapita katika mifumo ya Serikali. Walimu wanaotunga maandalio mazuri hawana budi kuweka nakala shuleni, na vyama vyao vina uwezo wa kuchangia seva moja na programu huria, ili jasho la kizazi kimoja cha walimu liwe akiba ya kizazi kijacho.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwaonya wananchi wasiufanye msaada wa mgeni kuwa nguzo ya nyumba yao. Wakati ule kilichozungumzwa ni fedha na viwanda. Leo onyo hilo linagusa pia maneno, maarifa na kumbukumbu. Wahenga walisema kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini, na hao walimsema ndugu wa damu. Seuze kampuni ya ng'ambo, ambayo haina undugu na mtu isipokuwa na wenye hisa wake?

Cha bure kipokelewe, kwa shukrani na kwa macho makavu. Lakini kila anayekipokea ajiulize maswali matatu kabla ya kuweka humo kitu cha thamani: ufunguo anao nani, nakala iko wapi, na siku mlango ukifungwa mzigo utahamia wapi? Ofisi au shule isiyoweza kujibu maswali hayo haijahifadhi kitu chochote. Imeazima rafu tu, na mwenye rafu anaweza kuidai wakati wowote.