Kigongo Hakifundishi Kuvuka

Eti punda haendi bila kigongo. Hiyo methali ingefutwa Lamu nzima kesho asubuhi mimi nisingelia. Simama kichochoro chochote cha Mkomani utaona: mwanapunda akifika kwenye mtaro anasimama, anainamisha kichwa, masikio mbele. Aliye nyuma yake anasema mkaidi huyu, fimbo inashuka. Ukaidi gani, jamani? Macho ya punda yako pembeni. Kilicho chini ya pua hakioni vizuri, lazima apime kwanza. Tena akiogopa, mara nyingi hatimui mbio kama farasi, anaganda. Ukimpiga hapo anajifunza kwamba mtaro unauma. Kesho atagoma hatua kumi kabla.

Dawa haina gharama. Mtangulize punda mzee aliyezoea kuvuka, legeza kamba, mwache anuse, mgongo mtupu, hakuna saruji wala mchanga. Akivuka mkune shingo, mrudishe tena. Dakika ishirini, siku chache. Lakini tuna haraka.

Kliniki ya Donkey Sanctuary iko hapa tangu 1987, inatibu bure. Vidonda tunapeleka sisi, na Maulidi ikifika ni sisi tunaopiga vigelegele kwenye mbio za punda.